Gari linawaka leo, kesho linagoma: namna ya kuisaka hitilafu ya stata kwenye gari kuukuu

Marikiti, soko la mboga la Nairobi, saa kumi na moja kasoro alfajiri. Pikapu yangu ya dizeli imeshapakuliwa kabeji, nyuma yangu kuna lori linataka kuingia na mikokoteni miwili inataka kutoka. Nazungusha ufunguo: kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba, lakini injini haijisumbui hata kukohoa. "Buda, toa hiyo gari!" Nazungusha tena, mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wiki hiyo nilinunua betri mpya. Ikakaa siku sita bila kugoma, nikajua nimepona. Siku ya saba ikagoma. Nikapeleka stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, ikafunguliwa na kubadilishwa vitu ndani. Siku tisa za raha, kisha ikagoma tena, safari hii kwenye foleni ya Pangani. Miezi mitatu ilipita kabla sijampata mchawi wangu, naye alikuwa kiungio cha waya kisichozidi punje ya mahindi.

Gari lililokufa kabisa ni rahisi kulitibu, kwa sababu ukigusa kilichoharibika linaamka. Linalogoma mara moja kwa wiki ndilo linalokula pesa, maana chochote utakachobadilisha kitaonekana kimelitibu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kazi yote iliyo hapa chini inalenga jambo moja: kupima umeme wakati ule ule gari linapogoma, wala si baada ya kulisukuma hadi kwa fundi likiwa limeshawaka.

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza

"Haiwaki" ni neno moja lenye magonjwa manne. Chukua daftari dogo, liache kwenye dashibodi, na kila likigoma andika saa, kama injini ilikuwa baridi au moto, kama kulinyesha, na hasa ulisikia nini.

Kimya kabisa, taa hazififii: umeme wa kuiamuru stata haufiki. Tafuta upande wa suichi ya ufunguo, rilei (suichi inayowashwa na umeme mdogo), nyaya ndogo, au suichi ya gia (inayozuia stata gari likiwa kwenye gia).

Mlio mmoja mzito, "ka!", kisha basi: amri imefika na solenoidi (suichi ya sumaku ya stata) imevuta, ila umeme mkubwa haupiti. Ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi, brashi za stata (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota), au waya mnene wenye ugonjwa.

Mlio wa haraka haraka, "ta-ta-ta-ta", na taa zikififia: betri imeishiwa, au kichwa cha betri hakijashika.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki: stata haina kosa. Hiyo ni hadithi ya mafuta au ya moto wa plagi, na nitaigusa mwishoni.

Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza. Kama ningeandika daftari tangu mwanzo, nisingenunua betri. Betri iliyokufa haiwashi redio na taa kwa nguvu zote huku ikishindwa hata kutoa mlio mdogo wa solenoidi.

Vifaa na tahadhari

Mita ya kidijitali ya bei nafuu inatosha kabisa, kwa sababu tutapima volti tu. Usijaribu kupima ampea za stata kwa mita hiyo. Tundu lake la ampea kwa kawaida huishia 10, ilhali stata ya dizeli huvuta zaidi ya 150. Tafuta pia balbu mbili ndogo za indiketa za volti 12 pamoja na vishikio vyake, mita chache za waya mwembamba, vishikio viwili vya fyuzi, msasa, brashi ya waya na spana za kawaida.

Vua saa ya chuma na pete. Spana inayogusa kichwa chanya cha betri na bodi kwa wakati mmoja huwaka nyekundu, na pete hufanya vivyo hivyo ikiwa bado kidoleni. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Usivute sigara karibu na betri iliyotoka kuchajiwa, maana inatoa gesi ya haidrojeni.

Vipimo vingi vinahitaji stata izunguke bila injini kuwaka. Kwenye dizeli nyingi za zamani, chomoa waya wa solenoidi ya kuzima mafuta iliyo juu ya pampu. Kwenye petroli, chomoa soketi ya koili. Hendibreki juu, gia nyutro, na asiwepo mtoto anayecheza mbele ya gari. Usizungushe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na ipumzishe stata dakika moja au mbili, la sivyo utaichoma ukiitafutia ugonjwa.

Betri: dakika kumi tu, usikae hapa

Pima asubuhi kabla ya kugusa ufunguo. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 iko nusu, na chini ya 12 imekwisha. Kisha mwambie mtu azungushe stata nawe ukitazama mita: isishuke chini ya 9.6. Ikishuka mpaka 8 au 7, ichajiwe kikamilifu kwanza ndipo uilaumu, kwa sababu betri yenye njaa na betri iliyokufa zinasoma sawa.

Injini ikiwaka, volti zipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zisipopanda, tatizo ni altaneta au mkanda wake.

Asubuhi za Julai hapa Nairobi, baridi inaposhuka karibu na nyuzi 10, oili huwa nzito na betri hupungukiwa nguvu kwa wakati mmoja. Gari linalogoma Julai tu na kutulia Oktoba lina betri inayozeeka, hata kama fundi wako ana nadharia nzuri zaidi.

Vichwa vya betri na nyaya nene

Hapa ndipo magari mengi yanapoponea, kwa hiyo tulia. Fungua vichwa vyote viwili hata kama vinaonekana safi. Uchafu unaozuia umeme haukai nje ambako unauona. Hukaa kati ya nguzo ya betri na kishikio chake, utando mwembamba wa kijivu kama masizi ya sufuria. Sugua nguzo na ndani ya kishikio kwa msasa hadi risasi ing'ae. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, ukiangalia yasiingie ndani ya betri. Ukifunga, jaribu kukizungusha kishikio kwa mkono. Kikisogea hata kidogo, hakijashika. Grisi ipake juu baada ya kukaza, usianze nayo.

Kisha bonyeza waya wenyewe kwa vidole, sentimita kumi za kwanza kutoka kwenye kichwa. Waya mzima ni mgumu kidogo. Ukihisi unga unaosagika ndani ya plastiki kama biskuti, shaba imeliwa. Watu wa mashua huko Kilifi watakuambia adui wao ni chumvi ya bahari. Sisi wa bara tuna asidi ya betri, matope, na fundi anayeosha injini kwa pampu ya presha kila Jumamosi.

Kupima volti zinazopotea njiani

Macho peke yake hayatoshi, na hiki ndicho kipimo ambacho mafundi wengi wa kando ya barabara hukiruka. Msingi wake ni hesabu ndogo. Kiungio chenye ukinzani wa omu 0.01, ambao mita yako haiwezi hata kuuonyesha, hakidhuru taa ya ndani hata kidogo. Lakini stata ikivuta ampea 150, kiungio hicho hicho kinameza volti 1.5. Ndiyo maana taa zinaweza kuwaka vizuri na stata ikabaki hoi.

Weka mita kwenye volti. Ncha nyekundu iguse nguzo chanya ya betri, ile risasi yenyewe wala si kishikio, na ncha nyeusi iguse boliti kubwa ya stata ambapo waya wa betri unaingia. Mwenzako azungushe stata. Mita ikionyesha 0.2 au 0.3, waya ni mzima. Ikizidi 0.5, kuna mwizi njiani. Sogeza ncha hatua kwa hatua: nguzo hadi kishikio, kishikio hadi mwisho wa waya, mwisho wa waya hadi boliti. Pale volti zinaporuka ndipo mwizi alipo.

Rudia upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata, mahali palipokwanguliwa rangi. Hapa isizidi 0.3. Ikizidi, gawanya vile vile: betri hadi bodi, kisha bodi hadi injini.

Usiudharau waya unaounganisha injini na bodi. Injini imekalia raba, kwa hiyo haishiki athi kupitia vikalio vyake. Mtu akibadilisha klachi na kusahau kuurudisha waya huo, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, na mara nyingi hupitia kebo ya mafuta au ya klachi. Ukiona kebo ya aina hiyo imepata moto au ganda lake la plastiki limeyeyuka, jibu lako hilo. Namna ya haraka ya kuthibitisha ni kuchukua waya mmoja wa jampa (waya mnene wa kuazima umeme) na kuunganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini. Likigoma bila jampa na kuwaka nayo, nunua waya wa athi na uache stata ya watu.

Mtego wa balbu mbili

Sasa tufike kwenye kilichoniokoa. Vipimo vyote vya hapo juu nilivifanya siku gari likiwa na tabia njema, na vyote vikasoma vizuri. Hitilafu inayokuja na kuondoka haikungojei na mita mkononi, kwa hiyo unaitegea mtego na kuendelea na kazi zako.

Solenoidi ya stata ina sehemu tatu za kuunganishia. Boliti kubwa ya kwanza hupokea waya mnene wa betri. Boliti kubwa ya pili hutoa waya mfupi unaoingia kwenye mota ya stata. Ya tatu ni ndogo, na waya wake mwembamba ndio unaoleta amri kutoka kwenye ufunguo.

Fungua betri hasi kwanza. Vuta waya kutoka sehemu ile ndogo hadi kwenye dashibodi. Hii iite balbu A. Vuta mwingine kutoka boliti ya pili, ile ya mota, iwe balbu B. Kila waya utie fyuzi ya ampea 5 karibu na stata, ili ukichubuka mahali usilete moto. Pande za pili za balbu zote mbili ziunge kwenye nguzo hasi ya betri moja kwa moja, usizishikize kwenye injini. Zipitishe mbali na ekzosi, zifunge kwa kamba za plastiki, na betri irudishwe. Hakikisha hujazichanganya: ukizungusha ufunguo gari likiwa zima, A na B zote zinawaka pamoja kwa muda ule stata inapozunguka, kisha zinazimika.

Endesha gari lako. Siku litakapogoma, kabla ya kutukana mtu, shikilia ufunguo mahali pa kuwashia na utazame balbu.

A haiwaki: amri haifiki. Stata haina hatia. Nenda kwenye suichi ya ufunguo, rilei, suichi ya gia au ya klachi, na kila kiungio kilichopo kati yake.

A inawaka kwa nguvu, B haiwaki: umeme umefika solenoidi lakini haupiti. Kwa kawaida ni vile vipande vya shaba ndani yake vimelika, au mchi wake (chuma kinachovutwa na sumaku) umekwama.

A na B zinawaka, mota haizunguki: brashi za kaboni zimekwisha, au athi ya injini imeachia. Jaribu jampa ya athi niliyoieleza. Isiposaidia, ni brashi. Brashi zikiisha unaweza hata usisikie ule mlio wa solenoidi, kwa sababu koili yake ya kuvutia hupata athi kupitia brashi hizo hizo. Kwa hiyo usiuamini ukimya peke yake.

Zote zinafifia pamoja na taa za dashibodi: rudi kwenye betri na vichwa vyake.

Siku ya kumi na moja, nje ya duka la mboga Kahawa West, pikapu iligoma. A ilikuwa giza tupu. Mke wangu aliyekuwa kando akauliza mbona nacheka.

Upande wa amri: chini ya usukani

Kwenye gari la otomatiki, anza na jambo lisilogharimu: peleka gia kutoka P hadi N na ujaribu. Likiwaka N na kukataa P, suichi ya gia imechoka au imehama mahali pake. Kwenye manyuali za miaka ya karibuni kuna suichi juu ya pedali ya klachi. Raba inayoibonyeza huvunjika na kuanguka kwenye zulia, na ukiikuta hapo umemaliza kazi.

Suichi ya ufunguo nayo hulika ndani. Ikiwa gari huwaka ukiutikisa ufunguo kidogo, au ukiwa na rundo zito la funguo linaloning'inia, unajua pa kwenda.

Lakini kwa magari ya Nairobi mimi ningeanza na alamu, traka na kati-auti (suichi ya siri inayokata umeme ili mwizi asiwashe gari). Gari la mkono wa tatu hapa limepitia alamu mbili na traka ya mkopo ambao ulishalipwa zamani. Kila aliyefunga alikata waya wa amri, akaingiza rilei yake, akasokota shaba kwa vidole na kuzungushia selotepu nyeusi. Joto la kabini huilainisha gundi ya selotepu, matuta ya barabarani yanatikisa, na baada ya miaka kadhaa ule msokoto unashika pale unapojisikia. Kiungio changu kilikuwa hivyo hivyo: kati-auti ya mwenye gari wa kwanza, rilei yake imening'inia nyuma ya sanduku la fyuzi, waya mmoja ukiwa na nyuzi nne tu zilizobaki, nyeusi kwa kuungua. Nilipoigusa, balbu A ikawaka. Nikaiachia, ikazima.

Ukiipata ya namna hiyo, iondoe yote na uunge waya wa awali kwa lehemu na mpira wa kusinyaa kwa joto, au kwa kishikio cha kubana kilichobanwa kwa koleo lake. Ukitaka kinga ya wezi, fungiwa upya na mtu atakayekuonyesha viungio kabla hajavifunika.

Kama waya wa amri ni mzima ila mrefu na mzee, na pale stata unafikisha volti 9 tu ilhali betri inatoa 11 wakati huo, rilei ya kawaida ya pini nne inasaidia sana. Pini 30 ipate umeme kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 30 na waya wa milimita 4 za mraba. 87 iende kwenye sehemu ndogo ya solenoidi. Waya wa zamani wa amri uingie 86. Na 85 ikae athi. Suichi yako itabeba mzigo wa rilei tu. Usiweke rilei ili kuficha kiungio kibovu, maana kitaendelea kuoza na mwisho hata rilei haitasikia.

Ikiwa ni stata yenyewe

Stata nyingi za magari ya Kijapani zenye gia ndani zina vipande viwili vya shaba ambavyo sahani ya mchi huvigusa kila unapowasha. Vinalika upande mmoja zaidi ya mwingine, ndipo mlio wa "ka!" bila kuzunguka unapoanza, mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa siku. Kubadilisha vipande hivyo na mchi ni kazi ndogo na hurudisha stata nzima. Hakuna haja ya kununua nyingine.

Ukiipeleka kwa watengenezaji wa Kirinyaga Road, ambako wengi wetu bado tunakuita Grogan, tia alama ya rangi kwenye mwili wa stata yako kabla ya kuikabidhi, na ukae uone ikifunguliwa. Omba upewe vipande vya zamani mkononi. Kama vimelika hadi unene wa upande mmoja ni nusu ya mwingine, pesa yako imeenda mahali pake. Kama vinafanana na vipya, ugonjwa uko kwingine na umelipia kupaka rangi. Unaporudisha waya mnene, shikilia nati ya ndani kwa spana ya pili, kwa sababu boliti ikizunguka inavunja kilicho ndani.

Kugonga stata kwa mpini wa spana hadi izunguke ni msaada wa kukufikisha nyumbani. Ikiitikia kofi, brashi au vipande vya shaba vimekwisha, usiifanye desturi.

Inazunguka lakini haishiki

Kwa dizeli, sikiliza mlio mdogo wa solenoidi ya mafuta juu ya pampu unapowasha suichi. Kama haulii, hakuna mafuta. Pima kama hita plagi (plagi za kupasha injini ya dizeli joto) zinapata umeme. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini baridi yenye kompresheni iliyopungua inazitegemea kuliko ile ya Mombasa. Ikiwa inagoma asubuhi tu baada ya kulala kwenye mteremko, shuku hewa inayoingia kwenye mpira wa mafuta. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu, uone kama kuna mapovu. Kwa petroli linalogoma likiwa moto kisha kuwaka baada ya nusu saa, anza na koili na rilei ya pampu ya mafuta, ambayo lehemu yake hupasuka ndani na kuachana joto linapopanda.

Ukishatengeneza, usizing'oe balbu siku hiyo. Ziache mwezi mzima, upitie angalau mvua moja kubwa na foleni moja ya jua kali, ukiandika daftarini kila unapowasha bila tatizo. Zangu nilizitoa siku ya arobaini, nikaufunga kila mwisho wa waya uliobaki, nikarudisha kofia ya mpira juu ya boliti ya stata ambayo hakuna fundi aliyewahi kukumbuka kuirudisha.